Bibi Niliyemtunga

Jumamosi, 1 Septemba 1956

Ijulikane kwa watu wote — yaani kwangu mimi, maana daftari hili halina msomaji mwingine — kwamba kuanzia leo saa kumi na moja jioni nimeacha kuanza maandishi yangu na maneno "Hapo zamani". Uamuzi ni wa mwisho. Hakuna rufaa.

Sikuacha kwa hiari. Monsieur Dewaele amekataza. Darasa la kuandika: kila Jumamosi saa kumi, chumba cha nyuma cha cercle, klabu yetu sisi weusi tuliosoma, kati ya meza ya ping-pong na makreti ya limonadi. Tuko sita. Mwalimu ni Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, siku tano mtu wa ofisi, siku ya sita mtu wa fasihi. Kiswahili chake alikipata kwa wapishi na madereva wa Bafwasende. Anaweza kuagiza maji ya moto bila kosa hata moja.

Somo la leo: kuna kumbukumbu, kuna hadithi. Kumbukumbu ni kilichotokea. Hadithi ni kisichotokea, ila kingeweza.

— Hapana changanya, alisema. Mutu nachanganya, ye ni muongo.

Kazi ya nyumbani: kumbukumbu, kurasa mbili, juu ya mtu aliyekulea.

Neno moja ambalo hatulisemi: Monsieur Dewaele yuko pia ndani ya tume ya kadi ya mérite, ile serikali inayompa mtu mweusi aliyethibitishwa kuishi kistaarabu, yaani kizungu. Édouard, infirmier, yaani muuguzi, aliyekaa karibu nami, alininong'oneza kwamba yeye amekuja kwa ajili ya sanaa tu. Kadi ameomba Julai.

Mimi nimeomba mara ya pili. Mwaka jana walikuja nyumbani, wakafungua kabati, wakaandika: "Uma nne, zisizoonyesha dalili ya kutumika." Nikakataliwa. Na chef, mkubwa wangu wa ghala bandarini, amesema waziwazi: kiti cha karani mkuu ni cha mwenye kadi. Miaka kumi na moja nahesabu mafuta ya mawese ya watu. Sitaki kufa karani wa pili.


Jumanne, 4 Septemba

Nimekaa mbele ya karatasi tangu kutoka kazini. Mke wangu Agathe, mama wa binti yetu Colette, amepita mara tatu na ndoo.

— Papa Colette, uko naandika ao uko nalala?

Nikamwambia natafuta neno.

— Tafuta na makala ya kupikia pia. Imeisha.

Neno lenyewe ni hili. Aliyenilea ni mama ya baba yangu, Hadidja, wa Bafwasende. Hapa mjini mama kama huyo tunamwita koko, lakini hilo ni la Lingala, na mimi nataka Kiswahili safi. Ninacho kitabu cha sarufi cha kule pwani, hakina jalada, Mhindi mmoja alitaka kufungia chumvi nikamwomba. Humo imeandikwa: mama ya baba ni bibi.

Najua. Kwetu bibi ni mke wa mtu, na hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini huu ni uandishi.

Nimeandika "bibi" mara kumi na nne. Inapendeza machoni.


Ijumaa, 7 Septemba

Nimemaliza. Yamo haya: bibi yangu huniita bwana yangu tangu siku niliyozaliwa, kama wazee wote wa kwetu wanavyofanya na wajukuu wanaume. Tulilala kitanda kimoja. Alinikataza wasichana wote wa mtaa, akisema yeye ndiye wa kwanza na hatatoka. Aliiba sukari kwa Mwarabu ili anipe. Mwaka wa mafuriko alinibeba mgongoni tukavuka maji yakimfika kifuani.

Nilipofika kwenye mafuriko nikatokwa na machozi kidogo. Ni dalili nzuri, nadhani. Au ni moshi.

Kesho natoa.


Jumamosi, 15 Septemba

Balaa.

Karatasi zimerudi. "Bibi" zote kumi na nne zimepigwa mstari kwa wino mwekundu. Chini kabisa ameandika: Bibi ngapi?

Wenzangu wakatoka, mimi nikaambiwa nibaki. Monsieur Dewaele alikaa juu ya meza ya ping-pong. Akauliza polepole. Kwenye maombi ya kadi, isiyopewa mwenye wake wawili, nimeandika mke mmoja, Agathe, ndoa ya kanisa. Bon. Sasa huyu bibi wa Bafwasende ni nani? Ananiita bwana. Analala kitandani kwangu. Anafukuza wanawake wengine. Donc?

Ilikuwa kazi ya maneno matatu. Mama ya baba. Ningesema hivyo tungecheka wote wawili.

Lakini alikuwa na uso wa mtu mwenye faili. Nami mbele ya faili akili yangu inakuwa uji. Nikafikiri: nikisema ni koko yangu, ataniuliza kwa nini basi nimeandika bibi, nikisema ni kitabu cha pwani, atasema kitabu gani, kilete, nacho hakina hata jina, na mwenye haraka ya kujieleza hivyo lazima anaficha kitu. Nikasikia mdomo wangu unasema:

— Ni hadithi, Monsieur. Nimemtunga. Huyu mwanamke hayuko.

— Hayuko kabisa?

— Kabisa.

Akasema basi nimekosea, kazi ilikuwa kumbukumbu. Lakini kama hadithi — akaigonga karatasi kwa kidole — kama hadithi ni kazi kubwa. Mwanamke huyu anapumua, alisema. Mtu angeapa amemwona.

Kumi na saba kwa ishirini. Jumamosi ijayo ataisoma mbele ya wote.

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.


Jumamosi, 22 Septemba

Ameisoma. Kwa Kiswahili chake, kwa hiyo mafuriko yalichukua muda. Wenzangu walimsikiliza kwa heshima, wakiniangalia mimi. Wote wanajua nilivyolelewa. Tukitoka Édouard akanishika kiwiko.

— Monsieur Hilaire. Koko Hadidja iko najua kama hayuko?

Nikamwambia sanaa ina sheria zake.

— Eh, ndiyo. Na tume iko napita kwako tarehe ine, Alhamisi. Nilisikia tu. Hapana ogopa, miye niko mutu ya sanaa.

Alicheka njia yote mpaka sokoni. Sijui kama ni mzaha. Kadi za mwaka huu si nyingi, na sote wawili tumeomba. Mtu akitaka kuniangusha neno moja linamtosha: Yuko hai, Monsieur.

Agathe sijamwambia. Bafwasende ni mbali. Hilo ndilo linalonituliza.


Jumatano, 26 Septemba

Bafwasende si mbali.

Natoka bandarini namkuta Koko amekaa mlangoni kwangu juu ya furushi lake, amevua viatu, kuku wawili wamefungwa miguu kando yake. Amekuja na lori la mchele. Dereva alimwambia mjukuu wake atatembelewa na Wazungu. Akaona ni aibu nyumba ipokee wageni wakubwa bila mzee ndani.

Agathe akatokea na maji ya kunawa.

— Mukewenza wangu, Koko akamwambia, unamulisha bwana yetu nini? Angalia shingo.

— Namulisha pondu, mukubwa wangu. Ye nakula karatasi.

Wakacheka mpaka jirani akachungulia. Mzaha huu wanaufanya tangu harusi. Nimeusikia mara mia. Leo nilisimama pale na baiskeli mkononi, nikaomba Mungu jirani awe kiziwi.


Jumapili, 30 Septemba

Nimejaribu. Baada ya misa nilimwambia Koko kwamba Alhamisi ingekuwa vizuri avuke mto, ashinde kwa binamu yetu ng'ambo. Hewa ya ng'ambo ni nzuri.

— Hewa ya huku iko na nini?

Nikasema vumbi. Akanitazama. Ana jicho moja lenye ukungu, lakini analotazamia ni lile lingine.

Ikabidi nimwite Agathe pembeni nimweleze yote. Bibi, tume, ping-pong, kumi na saba. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa na kijiko mkononi. Halafu hakunijibu mimi. Aligeuka.

— Koko, Papa Colette alikuandika kwa kitabu. Kiisha akaambia muzungu kama weye hauko.

Namna hiyo tu. Mbele ya sahani.

Koko akafuta mikono. Akasema: soma.

Nikasoma. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mdomo ukitafuna tumbako. Pa sukari akanyanyua kidole. Sukari hatukuiba kwa Mwarabu. Tuliiba kwa baba yako, mwana wangu mwenyewe, na yeye alijua. Nikaandika pembeni. Pa kitanda kimoja akasema kweli, ulikuwa unakojoa, hilo mbona haukuliandika. Nikaandika pembeni.

Pa mafuriko akanisimamisha.

— Hapana.

— Hapana nini, Koko?

— Sikukubeba. Nilibeba Daudi, alikuwa na homa. Weye ulikamata kitambaa yangu, ukatembea. Ulilia, nikakupiga. Maji ilikufika hapa. Akagusa kidevu.

Daudi ni binamu yangu, yule wa ng'ambo. Miaka thelathini nimebebwa. Nauona mgongo wake mpaka leo, nasikia joto lake. Nikamwambia labda amesahau.

— Miye ndiyo nilibeba, bwana yangu. Mwenye kubeba hapana sahau.

Nikaikunja karatasi. Agathe akaanza kukusanya sahani, akaacha.

— Ule mwanamuke ya karatasi iko muzuri, Koko akasema. Hapana piga mutoto. Ulisema vizuri kwa muzungu. Ule hayuko.

Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

— Miye niko.

Akaomba aongezewe lituma, ndizi zetu za kuponda.

Juu ya kuvuka mto Alhamisi alisema atavuka. Hakusema saa ngapi.


Jumanne, 2 Oktoba

Tangu juzi tunakula kwa uma ili zionyeshe dalili. Lituma kwa uma ni adhabu, inashika kama gundi. Colette wetu amejichoma mdomo. Koko anakula kwa mkono na kututazama kwa huruma.

Édouard alipita bandarini. Eti kutazama meli. Akauliza kama Koko ameshapona meno yaliyomuuma juzi. Amejuaje kwamba yuko hapa? Nikasema Koko gani. Neno likatoka lenyewe. Sasa nasema uwongo bila hata kuulizwa na mtu wa tume.


Jumatano, 3 Oktoba

Nimeandika maelezo mapya, kwa Kifaransa, kurasa tatu. Mama ya baba, desturi ya wajukuu, kitabu cha pwani. Nikayasoma. Kila sentensi ni kweli na yote pamoja yanasikika kama mtu aliyeiba ng'ombe. Nimechana.

Halafu nikaandika sentensi moja: Monsieur, nilidanganya siku niliposema nilitunga. Kwa kanuni ya darasa lake, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nikisema yuko, mimi mwongo wa tarehe kumi na tano. Nikisema hayuko, mimi mwongo wa kesho.

Nimechana pia.


Alhamisi, 4 Oktoba

Saa nne kasoro. Naandika chumbani, daftari juu ya sanduku la nguo. Wageni bado wako sebuleni.

Koko hakuvuka mto. Asubuhi alioga, akavaa kitambaa chake cheupe cha Idi, akakaa kwenye kiti tulichomwekea mkubwa wa tume. Agathe hakumwinua. Mimi pia sikumwinua. Gari likasimama.

Wako watatu: Monsieur Dewaele, Mzungu mwingine mwenye tumbo, na karani wa kuandika. Mwenye tumbo amefungua kabati. Ameinua uma moja kwenye mwanga, akaigeuza, akatikisa kichwa: sawa. Nikaona karani anaandika. Nilidhani nitafurahi.

Monsieur Dewaele hakutazama uma. Alikuwa anamtazama Koko, kama mtu anayejaribu kukumbuka alisoma wapi.

Ndipo mwenye tumbo akaomba cheti cha ndoa. Nikasema nakitafuta, dakika moja. Nikapita pazia. Niko hapa.

Nawasikia wote. Pazia ni kitenge tu.

Monsieur Dewaele ameuliza: Mama, weye ni nani?

Koko: — Miye niko mutu ya kitabu.

Monsieur Dewaele: ah, Mwislamu. Kalamu ya karani inakwaruza.

Koko: — Hapana. Ya kitabu ya ye.

Kalamu imesimama. Mwenye tumbo anauliza kitu kwa Kifaransa. Kuku mmoja analia uani.

Sasa Monsieur Dewaele, sauti ya chini, ile ya siku ya ping-pong. Na kwa Hilaire, mama, weye ni nani?

Koko hana haraka. Namsikia anahamisha tumbako shavu hadi shavu.

— Uliza ye mwenyewe. Iko kule ndani, iko natafuta karatasi.

Kiti kimesogea. Agathe ananiita, kwa adabu, sauti ya wageni:

— Papa Colette, umeipata?

Cheti cha ndoa kiko katika mkono wangu wa kushoto tangu nilipoingia.