Nimemtukana shemeji mbele ya watu

Diana uko? Usipige, siwezi kuongea. Nimejificha choo ya hospitali.

Nimemtukana Kimeli. Bwana ya Rael dada yangu! Mbele ya kliniki nzima.

Tulikuwa kwa benchi tunangoja majibu ya uvimbe wa titi ya Rael. Nesi akafungua mlango, akamwambia daktari, "Huyu Rael ni positive."

Positive, Diana! Mimi nikajua ni ukimwi tu. Nikasimama nikamwambia Kimeli, "Umemletea dada yangu nini? Kumbe hizo ndizo safari zako za kuuza mahindi?" Kimeli alishika tu mkono wa Rael.

Kuingia ndani, daktari anatuambia positive ni ya uvimbe wenyewe. Ati seli zake ziko na protini inaitwa HER2, nyingi kupita kiasi, ndiyo inafanya saratani ienee haraka. Imeshafika kwapani. Lakini kwingine hawajaona kitu, na kuna dawa inalenga hiyo protini yenyewe.

Uvimbe wenyewe, Diana! Si Kimeli!

Nikaanza, "Shemeji, nisamehe..." Akanikatiza, "Mama Chebet, hiyo tutaongea. Saa hii nisaidie kumuuliza daktari maswali, mimi akili imesimama."

Nikauliza. Macho ya Kimeli sikuweza kuangalia.

Sasa amenitumia mesej ati amenibebea chai, inapoa.

Diana, natoka hapa aje?