Kwa Yosefu, Kabla Padri Hajafika

Yosefu, mutoto wa dada yangu,

Tangu ulipotuacha, miezi miwili sasa, Kabambare yote inasimama juu ya mabega yangu. Chefu mwenyewe akitaka kujua kama mvua itanyesha, anatuma mutu kwangu. Bwana muzungu wa serikali alipopita hapa kijijini aliniangalia muda murefu, akavua kofia. Watu wanasema alikuwa anapanguza jasho. Watu wana wivu.

Na sala ya Jumapili, ni mimi ninaiongoza. Ulipokufa hatukubaki na katekista. Jumapili ya kwanza watu walikaa mu kanisa wakiangalia kiti chako. Mama Veronika, jirani yetu, akasema, "Baba, si wewe ulibatizwa kule Kasongo? Simama basi." Nikasimama. Yosefu, ningefanya nini?

Wewe peke yako ulijua. Ni kweli nilifanya kazi mu misioni ya Kasongo, kufyatua matofali ya kanisa kubwa. Niliporudi nilisema ile kanisa nimeijenga mimi, na Monsenyeri mwenyewe alinimwagia maji mu kichwa. Maji niliyopata kule yalikuwa ya kukandia udongo wa matofali tu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na kila mwaka lilizidi kunenepa. Padri alipokuja kutusomea Misa, na wasiobatizwa wakaambiwa watoke nje baada ya mahubiri, mimi nilikuwa tayari mbali mu pori, ninaangalia mitego. Ulinikuta njiani ukacheka: "Mujomba, nyama wa huku wanajua sana siku za Padri." Na hukunisema kwa mutu.

Unakumbuka namna ulivyonifundisha? Mwaka ule kapita, musimamizi wa pamba ya serikali, alipima shamba langu kwa kamba yake, akakuta kipande hakijapaliliwa. Polisi wakanilaza chini mbele ya watu. Mimi ninasimulia kwamba fimbo ilikatika juu ya mugongo wangu na polisi akaomba radhi. Wewe ulikuwepo, wewe ndiye ulinibeba. Siku sita nililala kwa tumbo, sikuweza kukaa wala kugeuka. Ukakaa chini karibu na uso wangu, ukanipa Baba Yetu neno kwa neno, kama mutu anayemulisha mugonjwa uji. Nilikubali kwa sababu sikuweza kukimbia. Siku ya nne, au ya tano, nikiisema peke yangu, nikaona iko pahali moja ambapo kapita hawezi kufika na kamba yake. Sikukuambia. Nilikuambia tu kwamba maneno ni mengi.

Mu ile pahali ninakaa mpaka leo, kwa sababu sina pengine. Shamba ni lilelile, nikimaliza mustari mwingine unaningojea. Kwenda Kasongo bila karatasi ya ruhusa ni gereza. Kwenda kuchimba dhahabu ni gereza ya namna ingine. Siku ile homa ilipokuzidi, na wanaume wanne wakakubeba mu machela kukupeleka hospitali, niliomba ruhusa ya siku kumi tu. Watu wa serikali wakasema pamba imepasuka, ivunwe kwanza. Nilikufuata mpaka kivuko cha muto Luama, na pale polisi akanishika mukono. Nikasimama kuangalia mutumbwi unavuka, wewe umefunikwa blanketi yangu nyekundu. Uliinua kidole, kimoja. Au nimeongeza mimi. Nimeongeza mambo mengi mu maisha yangu, na hili sijui tena.

Habari ya kifo chako ilinikuta mu shamba, kapu likiwa nusu. Kapita akasema, "Pole, Baba. Jaza kwanza." Nikavuna mpaka likajaa, nikisema Baba Yetu, nikifika mwisho ninaanza tena. Sikuanguka, Yosefu. Waulize waliokuwa pale, usiniulize mimi. Sikuanguka.

Sasa sikia. Padri anakuja siku ya soko la pamba, siku nane zimebaki. Ametuma neno: amesikia kuna mutu anayeongoza sala vizuri, anataka kumuona, na huyo mutu awe wa kwanza kupokea komunyo, mbele ya wote. Mitego haitanisaidia tena. Nikitoka nje na wasiobatizwa, kicheko kitafika mpaka ng'ambo ya Luama. Wataniuliza ni nini ingine niliyowadanganya, na jibu ni refu. Lakini nikibaki mule ndani, nikafungua kinywa mbele ya Padri, nitakuwa nimemudanganya Mungu mu nyumba yake mwenyewe. Kisha siku kapita akirudi na kamba, nitakimbilia wapi? Nimefikiri wiki nzima. Kila upande niliogeuka nilikuta ukuta, na ukuta wenyewe nimeujenga mimi, fundi wa matofali.

Basi ninakuahidi, nitatoka. Mahubiri yakiisha nitasimama, nitapita katikati ya viti pamoja na wale wazee wawili wasiobatizwa na watoto wadogo wa Mama Veronika, na nitakaa nje juani mpaka Misa iishe. Kisha nitamuomba Padri aniandike kati ya wanaosomea ubatizo. Akinipa miaka minne, nitasoma minne.

Lala pema, mutoto wa dada. Blanketi ibaki kwako. Uniombee ile hatua moja ya kupita mulango, zingine nitazipiga mwenyewe.

Iko bado neno moja dogo, ninakuambia wewe kwa sababu hucheki sana. Watu wote hapa wananiita Andrea. Jina hilo nilijipa mwenyewe njiani nikirudi toka Kasongo, niliona linafaa mutu mukubwa. Ni miaka kumi sasa, na mpaka leo wakiniita kwa nyuma, "Andrea, ee Andrea," mimi ninaendelea kutembea, nikizani wanaita mutu mwingine.