Mzee wa Mikate Tuliyemfunika Kanga

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba siku hizi najiitikia mwenyewe, na najua ungesema naitikia vibaya, kwa haraka, kama mtu anayefukuza kuku.

Nakuandikia kwa sababu ya mteja. Leo asubuhi kaja dukani kwangu mwalimu mmoja wa chuo, mama mtu mzima, na flashi yake mkononi. Kazi yangu unaikumbuka, ile uliyokuwa ukiwaeleza watu wa kijijini kwako Matombo kwamba mjukuu wako anauza sinema zilizomo ndani ya kidubwasha kidogo kama ukucha. Basi yule mwalimu akasema hana muda wa kufuatilia tamthilia nzima nzima. Alitaka nimwingizie episodi zinazosifiwa tu, zile ambazo watu mtandaoni wanabishana kila siku ipi ndiyo bora kuliko zote za miaka hii. Nikamwambia episodi moja bila wenzake ni mboga bila ugali. Akacheka, akasema nimwekee hiyo hiyo mboga. Ya kwanza aliyoitaja ilikuwa ile ya treni.

Mkono wangu ulisimama juu ya kompyuta, Bibi. Yule mama akadhani mashine imekwama, akaniambia nisiwe na haraka.

Masika ile uliyokuja kwangu mjini, Mwembesongo, ulikuja kwa ajili ya mguu. Uliteremka na mkungu wa ndizi, na kabla hata sijakupokea mzigo ukanitazama juu mpaka chini ukasema, mke mwenzangu, umekonda hivi, ndiyo maana babu yako alinichagua mimi. Ulipanga kukaa mpaka daktari akuruhusu, basi. Televisheni hukuitaka. Siku za mwanzo ulikubali taarifa ya habari tu, na msomaji alipowasalimu watazamaji ulimwitikia vizuri kabisa, ukatulia kidogo kama unayengoja akuulize za Matombo.

Kisha mvua zikakufungia ndani, ukaanza kuangalia ninachoangalia. Ilikuwa tamthilia ya nchi ya baridi huko, ya familia moja ya waoka mikate. Lugha yao hukuijua, kwa hiyo nilikaa pembeni yako nikikutafsiria. Kazi ile ilinichosha kuliko duka. Mtu akizungumza maneno mengi nami nikakuambia machache, ulinigeukia. "Huyo kaongea kirefu, mbona wewe umenipa kifupi?" Uliwapa wote majina, kwa kuwa yale ya kwao yalikushinda. Binti mkubwa ukamwita Kiherehere. Baba yao, mzee mwenye kofia na mikono ya unga, ukamwita Mzee wa Mikate, na huyo ulimpenda. Alikuwa amegombana na kijana wake miaka mingi nyuma, kijana akaenda zake mji wa bandari, hakurudi wala hakuandika. Kila yule kijana alipotajwa ulitazama kando.

Nilijua kwa nini. Kila mtu kwetu alijua. Mjomba Kosta, mwanao, alituaga anakwenda machimbo na akasema atarudi Krismasi. Mara ya mwisho watu walimwona Dumila, anapanda lori la vitunguu. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Krismasi ikapita, na nyingine, na nyingine. Wazee wa ukoo wakaja kwako, padri akaja, mama yangu akaja akilia, wote na neno moja: tumlalie matanga, apumzike nawe upumzike. Wewe ukakataa. Ukasema mtu hazikwi kwa kukisia. Hata midalasini yake ukakataza isibanduliwe magome, mwenyewe hajarudi. Ikakua mpaka ikawa miti ya kivuli, wakati jirani zako wote wanauza. Mama alikuwa akiniambia kwa simu kwamba haogopi tena kwamba kaka yake amekufa, anaogopa kwamba wewe utakufa huku bado unatazama njia.

Sasa mchana ule. Mvua inapiga bati, nawe umenyoosha mguu juu ya stuli. Kijana wa bandarini alikuwa hatimaye amempigia baba yake simu, njoo. Mzee wa Mikate akavaa koti lake la kanisani, akaoka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akapanda treni. Ukaniuliza kama ni hii ya umeme inayopita Morogoro. Nikasema ni dada yake.

Mimi ile episodi nilishaiona mara moja, Bibi, na nilishasoma sifa zake. Nilijua kwamba saa nzima kamera haitoki ndani ya lile behewa. Nilikuwa nakuangalia wewe zaidi kuliko televisheni, nikisubiri uchoke. Maana hakuna kinachotokea. Mzee amekaa dirishani, mkate mapajani. Wanawake wawili wanazungumzia harusi. Jamaa mmoja anamenya karanga. Treni inasimama, watu wanashuka, wengine wanapanda. Sikuwa hata na cha kukutafsiria.

"Huyu mzee ameshaondoka," ukasema.

Nikakujibu kwamba amelala, nikidhani mahali anapofia bado hatujafika. Siku nilipoitazama peke yangu nilikwenda zaidi ya nusu ya episodi bila kushtuka, na watu wengi tu waliandika hivyo hivyo, kwamba walichelewa kujua.

"Mtu aliyelala haachii mkate wake."

Nikatazama. Mkono ulikuwa umeteleza pembeni, umefunguka. Ilikuwa imetokea mbele ya macho yangu mara mbili na sikuiona.

Tangu hapo ukawa unawatazama abiria, sio mzee. Mmoja akamuuliza saa, hakujibiwa, akanuna. Mtoto akaokota kofia iliyoanguka, akamrudishia kichwani, mama yake akamvuta. Mkate ukadondoka, yule wa karanga akaupangusa akauweka tena mapajani kwa heshima zote, halafu akashuka. Kila mmoja alikuwa mtu mwema tu, na kila mmoja alishuka. Nilikusikia ukinong'ona Kiluguru, na nilielewa kwamba ulikuwa unawaomba. Ulikuwa unamwomba yeyote kati yao amguse mkono.

Behewa likabaki tupu. Hapo ndipo ulipotoa mguu kwenye stuli, ukasimama bila kushika kitu, ukavua kanga mabegani mwako ukaifunika televisheni yangu. Ukaivuta kingo zote mbili zikae sawa, taratibu, jinsi mama anavyomfunika mtu.

Nilinyoosha mkono kwenye rimoti. "Usizime," ukasema. "Tumsindikize afike."

Ukakaa chini sakafuni, na mimi nikashuka nikakaa pembeni yako. Tulisikiliza magurudumu ya treni chini ya kanga. Katika maisha yangu nimeona sinema nyingi kuliko mtu yeyote Mwembesongo, ni kazi yangu, na sijawahi kutetemeka kama nilivyotetemeka mbele ya ile ambayo sikuiona.

Mama Zuhura jirani akaingia kuomba kiberiti. Akatukuta chini, televisheni imefunikwa, wewe unafuta macho. Akavua ndala mlangoni, akatoa pole, akaketi, akauliza kwa upole ni nani. Ukamjibu ni mzee mmoja, amefia kwenye treni. Akasema innalillahi, akaanza kulia naye, akauliza kama mwili umeshafika. Mimi nikainama, sikujua nicheke au nilie. Alipokuja kuambiwa baadaye kwamba marehemu ni wa kwenye tamthilia, hakukasirika. Alisema ameshalia, machozi hayarudi, tumhesabu tu kwamba na yeye alikuwepo.

Treni ikasimama. Kimya. Kisha, maana flashi haina adabu, episodi inayofuata ikaanza yenyewe. Zikasikika kelele za stesheni, kengele, watu. Nikakuambia kwamba sasa ni yule kijana, yupo bandarini, anamsubiri baba yake.

"Hiyo zima," ukasema. "Hiyo naijua."

Nikazima.

Ulikaa pale chini muda mrefu, nikaogopa kuhusu mguu. Halafu ukaniomba nimpigie mama Matombo. Ulimwambia aende kwa wazee, aende na kwa padri, wapange siku ya matanga ya Kosta. Nilimsikia anauliza kwa nini leo, baada ya sisi wote kukuomba na kushindwa, leo umepata habari gani. Ukasema hujapata habari yoyote. Kisha ukamwambia maneno ambayo tangu siku ile nayabeba:

"Kama mimi nimemfunika mtoto wa watu nisiyemjua, basi na wangu yupo aliyemfunika."

Tulikwenda Matombo. Kwa kuwa mwili haukuwepo, wazee walizika shina la mgomba lililovikwa sanda, na padri akasoma misa. Watani wetu Wazigua wakaja kama desturi. Mmoja akalala kaburini akasema hatoki mpaka alipwe mkungu, maana Waluguru tumezidi uchoyo, hata tukizika tunazika mgomba usio na ndizi. Ukacheka. Mama alikushika mkono, akanitazama, na nilijua anafikiri ninachofikiri, kwamba hatukumbuki mara ya mwisho tulipokusikia ukicheka hivyo. Wiki iliyofuata uliita vijana wabandue midalasini. Ulisimama pale pale ukiwagombeza wasiiumize.

Ukaishi miaka baada ya hapo, Bibi, ukilala vizuri, ukila vizuri, ukinitukana vizuri. Ulipoondoka uliondoka kitandani kwako, mama na mimi tukiwa kichwani na miguuni. Kilio chetu kilikuwa kikubwa, ila hakikuwa na deni.

Nimefikiri sana kuhusu wale walioitunga ile tamthilia. Watu wa theluji. Matombo hawaijui hata kwenye ramani, ndizi wanaziona sokoni zimefungwa plastiki. Walikaa chumbani kwao wakamwandika mzee wao mmoja wa kubuni, na mzee yule akasafiri akaja kufanya kwetu kazi iliyowashinda padri, wazee na binti yako wa kumzaa. Hilo sijalizoea mpaka leo, na sitaki kulizoea. Wateja wakiniuliza kwa nini ile episodi inasifiwa hivyo, wengine wanataka niwaambie habari za kamera na ukimya. Nawaambia waitazame. Nifanye nini, niwaeleze kuhusu kanga?

Lakini leo, yule mwalimu alipoondoka na flashi yake, kitu kikanishika. Nikafunga duka mchana kweupe. Nikakaa nikafungua ile inayofuata, ile uliyosema niizime. Miaka yote hii sikuwa nimeigusa tena, niliona ni yako.

Sasa sikiliza, nikutafsirie, na safari hii sifupishi. Kijana anasimama stesheni tangu mwanzo mpaka mwisho. Treni zinaingia, watu wanashuka, naye anatafuta kofia ya baba yake kati ya vichwa vyao. Amenunua vikombe viwili vya kahawa. Cha baba kinapoa, anakimwaga, anakwenda kununua kingine, ili mzee akifika akikute cha moto. Anakimwaga tena, ananunua tena. Anaona koti linalofanana, anakimbia, siye. Anarudi pale pale, maana baba asije akamkosa. Hakuna anayemwambia kitu. Mwisho mfagiaji anamjulisha kwamba stesheni inafungwa, na yule kijana, kwa sauti ya kawaida kabisa, anauliza kesho wanafungua saa ngapi. Imeishia hapo.

Nililia mpaka nikaenda kunawa. Kisha nikasoma habari zake. Yule mwigizaji alipewa tuzo kubwa kwa saa ile moja ya kusubiri, na alipopanda kuichukua ukumbi mzima ulisimama, watu waliovaa mavazi ya thamani wanapiga makofi na kufuta machozi. Sina neno, alistahili.

Ila yeye alisubiri saa moja, Bibi. Wewe ulianza kusubiri mimi nikiwa darasa la tatu, ukasubiri mpaka nikawa na duka langu, na kila asubuhi uliamka ukachukua jembe ukaenda kupalilia. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama.

Leo nimesimama. Nimesimama hapa dukani, chumba cha mbele cha nyumba ile ile, mlango umefungwa, nikakupigia makofi mpaka Mama Zuhura akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Lala salama, mzee wangu. Msalimie Mjomba.

Ni mimi, mke mwenzio wa Mwembesongo.