Waliolala kwa Majina ya Wenzao

Jumatatu, 3 Machi
Amekuja tena yule wa halmashauri, anayeandika historia ya mji kwa kufuata makaburi. Viatu vyeupe! Makaburini, baada ya mvua! Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, ameshambatiza: Bwana Ramani. Kaketi kwenye kiti cha mke wangu bila hata kuuliza.

Alitaka lile daftari. Mke wangu alikuwa karani wa makaburi miaka thelathini na mmoja, na kila aliyezikwa humo, hata wa zamani kabla yake, alimwandikia mistari miwili mitatu: kazi yake, kilichomwua, nani alilia sana. Nimempa. Nikamwambia jambo moja tu, kwamba safu zinahesabiwa kuanzia geti la zamani, lile lililozibwa barabara ilipopanuliwa. Akatabasamu kama anayempa mtoto pipi. "Mzee wangu, mambo ya kitaalamu tuachie wenyewe."

Haya. Debe tupu!

Ijumaa, 7 Machi
Vibao vimesimikwa. Vya chuma, rangi ya buluu, maandishi yanang'aa. Tumepita na shemeji tukivisoma. Kaanzia geti jipya! Safu ya mwisho kaifanya ya kwanza, na kila marehemu kapewa jina la mwenzake. Mkunga aliyezalisha nusu ya mji huu amesimamiwa na kibao cha mnyongaji wa gereza. Na kibao kikubwa kuliko vyote, cha Meya wa kwanza, kiko juu ya topasi, msafisha vyoo.

Topasi! Mke wangu aliandika kwamba mwaka wa kipindupindu Meya alihamia mlimani na jamaa zake, akasema anakwenda kutafuta dawa. Topasi alibaki, akabeba ndoo za vyoo mtaa kwa mtaa mpaka naye akaanguka. Mke wangu hakuwa akilipita kaburi lake bila kupunguza mwendo. "Shikamoo, mzee," alikuwa akisema, kisha anaendelea na funguo zake.

Shemeji alishika mbavu. "Meya hakupita mtaani kwao bila leso puani! Leo topasi ndiye anayempokelea mashada!" Nikacheka. Mara ya kwanza tangu tumzike. Wacha wainame kwa topasi, nikasema. Ni haki yake. Nitakaa kimya niwatazame wapumbavu hawa wakivua kofia.

Jumanne, 11 Machi
Sicheki tena.

Katika daftari safu ya kwanza imeandikwa "wazi", kwa sababu waliokuwamo walihamishwa barabara ilipopita. Sasa Bwana Ramani safu yake ya kwanza ni ile ya kwenye geti jipya. Wanataka kuisawazisha iwe maegesho ya magari ya wageni. Mke wangu yuko hapo. Yuko na wengine sita waliokufa baada yake. Daftarini hawamo hata mmoja. Aliyewaandika wote, hakuna aliyemwandika yeye.

Nimekwenda ofisini kwake. Ukutani vyeti vitatu, mezani vumbi. Nikamwambia pale kuna watu. Akasema ramani haiwaonyeshi. Nikamwuliza, na yale matuta? Akasema ni udongo uliobakia wa ujenzi.

Udongo wa ujenzi!

Nikamwambia, "Huo udongo ni mke wangu." Akaangalia saa. Vibao vyetu vya mbao viling'olewa na wafyeka majani mwezi uliopita, kwa hiyo sikuwa na cha kumwonyesha. Msomi mzima, hajui kaburi mpaka lisomeke.

Nikarudi nyumbani nikakunja miwani ya mke wangu, nikaikunjua, nikaikunja tena. Mkono mmoja umelegea. Alikuwa ananiambia kila siku nikaze ile skrubu.

Alhamisi, 13 Machi
Kaja mwenyewe, bila viatu vyeupe. Jasho! Kumbe jana alipima kwa kamba kutoka nguzo ya geti la zamani, na kila kitu kikalingana na daftari. Amejua. Hakusema "nimekosea". Alisema kuna "tofauti ndogo ya kimahesabu".

Kaleta barua yenye muhuri: safu ya mke wangu haitaguswa, na mke wangu atawekewa kibao chake. Ila Jumamosi kwenye uzinduzi wa vibao nitaitwa, kama mume wa marehemu karani, niseme maneno mawili ya shukrani. Mawili tu. Habari za mageti mawili nisizitie. Nikizitia, shughuli ikavunjika, barua anaichana na ramani inabaki ilivyo.

Shemeji anasema chukua. "Wafu wa zamani wameshazoea kudhulumiwa, shemeji. Dada yangu bado mgeni kule." Kisha akaingia jikoni akalia, akidhani simsikii.

Simjui mtu duni kuliko huyu bwana. Na nakala ya barua yake aliyoniachia, isiyo na muhuri, naikunjua kila saa.

Jumamosi, 15 Machi
Naandikia magotini, kiti cha pili mstari wa mbele. Daftari la mke wangu nimerudishiwa, liko chini ya hili ninaloandikia. Hotuba zimekuwa ndefu. Mgeni rasmi amemsifu Meya "aliyebaki na watu wake siku za maradhi". Mfupa wa topasi ndio uliosifiwa, nikajizuia nisicheke. Wamevua kofia kweli, wote, kama nilivyotaka.

Halafu akainuliwa bibi mmoja, kashikwa kwapani. Mjukuu wa Meya, amesafiri siku mbili. Akapiga magoti kwenye majani mabichi akaongea na kile kibao kwa sauti ya kitoto. Babu, nimekuja. Babu, nisamehe nimechelewa. Akaokota jiwe dogo akalifunga kwenye leso.

Nimeshindwa kumdharau. Nimejaribu.

Sasa wamemkalisha pembeni yangu. Magoti yake yana tope. Kaniinamia, kauliza, eti wewe ndiye mume wa yule mama aliyewatunza? Nikaitikia. "Alikwambia lolote juu ya babu yangu, baba? Hata dogo?"

Bwana Ramani ananikodolea macho kutoka jukwaani. Mfukoni mwa shati lake barua yenye muhuri inaonekana ncha. Mshereheshaji ameita "mume wa marehemu karani wetu" mara moja. Shemeji ananibonyeza mgongoni. Ameita mara ya pili. Bibi ameweka mkono juu ya mkono wangu wa kushoto, anangoja jibu, na mimi naifunika kalamu, nainuka na daftari la mke wangu mkononi.