Kijerumani cha Mama Esteri Siyo Kibovu

Kagerankanda,
S.L.P. Kasulu,
Kigoma.

Jumapili, 3 Mei 1998

Mpendwa mkamwana wangu, Mama Esteri,

Mimi Pasikali Nduwayezu, mwenye miaka themanini na saba kwa daftari la padri na tisini kwa hesabu yangu mwenyewe, nakuandikia kwa mkono wangu. Nimemwona Mjerumani akiondoka, Mbelgiji akiondoka, Mwingereza akiondoka. Nimepita malale yaliyotuhamisha kule Kibondo tukawaachia nyani migomba yetu. Nimepita Operesheni Vijiji. Nimezika wake wawili na wote niliochunga nao mbuzi utotoni, hata wale waliokuwa na nguvu, ingawa hakuna aliyenishinda mimi. Katika hayo yote sikuwahi kuinamisha kichwa. Leo nimeinamisha.

Nakusalimu kwa Kiha: mwakeye huko Ujerumani uliko. Mama yako anaendeleaje? Mfupa wa nyonga umeunga, au bado anatembelea fimbo? Mke wangu Dorcas anamwombea kila Jumapili na kulitaja jina lake kwa sauti kanisani. Analitaja vibaya, lakini nadhani Mungu ameshazoea.

Sisi hapa ni wazima. Mvua za mwaka huu hazikuwa za kawaida, zimebeba daraja na kuozesha maharage, ila mihogo imesimama. Mwanangu Tharsisi, mumeo, bado yuko Kibondo na visima vyake vya wakimbizi, anakuja mwisho wa mwezi akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Esteri ameng'oka meno mawili ya mbele na anakula mahindi ya kuchoma kwa pembeni, kama mbuzi. Ni mzima wa mwili. Habari yake nyingine ndiyo iliyonikalisha hapa siku ya nne na kalamu.

Utashangaa kutoona mwandiko wa Mwalimu Winifrida, ambaye ndiye huniandikia barua zangu zote. Nilikwenda kwake, nikakaa kwenye kiti, akashika kalamu, akasema, "Haya Mzee, tamka." Nikatamka salamu. Baada ya salamu mdomo ukagoma. Nikamwambia nimesahau, nikachukua karatasi nikarudi nyumbani. Yale madarasa mawili ya Wamisionari niliyosoma yanatosha kwa aibu yangu. Wewe soma polepole.

Ile simu ya Jumamosi kabla ya Pasaka, mama, laini haikuwa mbovu. Tharsisi alikwambia laini inakatika kwa sababu alikusikia unalia. Laini ilikuwa safi. Mimi nilikuwa nimesimama pale posta ya Kasulu, sauti yako naisikia mpaka nje ya kile chombo, unaliita jina la mtoto, unamwambia maneno yenu, na mtoto ameshika simu kwa mikono miwili, kimya. Hakukusahau. Hakukukasirikia. Nataka ujue alichokifanya: aliinua macho akaniangalia mimi, kama anayeomba ruhusa. Nami nikaangalia mabango ya posta ukutani.

Nianze mwanzo. Ulipoondoka baada ya Noeli kwenda kumwuguza mama yako, ukatuachia Esteri, hukuwa na wasiwasi wa chakula. Barua yako ya Februari ilikuwa na wasiwasi mmoja tu. Uliandika kwamba mtoto wa miaka sita asiposikia lugha huisahau upesi, kwamba Kijerumani cha Tharsisi ni cha mabomba na mashine na tena hayupo nyumbani, na kwamba mama yako hajui neno lingine lolote la kuzungumza na mjukuu wake. Ukaomba tumtafutie redioni vipindi vya watoto vya Kijerumani. Ukaandika saa na namba kwenye kikaratasi, ukasema tukikwama twende kwa yule Sista mzee Mjerumani wa dispensari ya misheni.

Mimi nikasema mbele ya wote: niachieni mimi. Kwanza redio ni yangu, bendi nne, ya kwanza kuingia Kagerankanda, watu walikuwa wanatoka Makere kuja kuiona. Pili, Kijerumani ninakijua tangu mgongoni mwa baba yangu. Unajua baba alikuwa mpagazi wao wakati wa vita, aliwabebea mizigo mpaka Tabora. Aliporudi alituchezesha gwaride uani kwa amri zao za kusimama na kugeuka: ahtunge, halti, linksi, rehti. Mbuzi wangu wote, miaka yote, nimewageuza kwa linksi na rehti. Nani mwingine hapa ana mbuzi wa namna hiyo?

Kikaratasi chako sikukitumia. Zile namba zilikuwa na vijinukta nisivyovielewa, na kuuliza nikaona uzito. Nikakiweka kwenye mfuko wa tumbaku. Mama Esteri, nilikivuta. Sikukusudia, mkono ulizoea kuingia mfukoni humo na kusokota chochote unachokuta. Hilo nalo lihesabu.

Kwa Sista sikwenda. Dorcas alinisihi mara tatu. Nikamwambia mimi siwezi kufundishwa Kijerumani na mwanamke niliyemwona anakuja hapa msichana, hajui hata kumenya muhogo.

Basi nikaanika betri juani siku nzima, jioni nikazungusha. Nikapita Bujumbura, nikapita Kigali, nikapita Waarabu. Mara nikasikia watoto wanaimba, mwanamke anacheka nao. Nikakaza sikio. Yule mwanamke akasema linksi. Watoto wakapiga kelele. Akasema rehti. Nikaruka! Nikamwita Esteri aache kila kitu. Nikamketisha kwenye kigoda changu mwenyewe, nikasema, "Haya, sikia wenzako wa Ujerumani."

Akasikiliza. Akasema, "Babu, sielewi."

Nikasema, "Utaelewa. Kaa."

Kesho yake akasema, "Babu, hiki siyo cha Mama."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuuliza. Lakini Dorcas alikuwa pale, na jirani Athuman amekuja kusikiliza taarifa ya habari, wote wananitazama mimi mjuzi. Nikasema, kwa sauti kubwa, "Basi cha Mama yako ndicho kibovu. Kijerumani chenyewe ndicho hiki."

Nimeliandika kama nilivyolisema. Sikuongeza wala sikupunguza.

Wiki tano nilimketisha pale. Hakubisha tena, ni mtoto mwenye adabu, umemlea vizuri. Ila ile sala uliyomfundisha ya kuombea chakula, aliyokuwa anaisema kwa Kijerumani huku amefumba macho, siku moja aliikatisha katikati na kushika kijiko. Kesho yake hakuianza kabisa. Yule mdoli uliyemtumia, aliyekuwa akimsimulia mambo kutwa nzima kwa lugha yenu, akawa anambeba bila kusema naye. Dorcas akaniambia, "Mzee, mtoto anakauka." Nikamwambia mtoto anakua. Kisha ikaja ile simu.

Wiki ya Pasaka alipita Polycarpe, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayeuza sabuni za vipande. Alikuwa akiwapikia mapadri huko kwao Kivu. Nikamkaribisha nimwonyeshe redio na mjukuu wangu anayesikiliza Ujerumani. Akasikiliza kidogo, akaweka chini beseni lake.

"Eh Muzee! Hii haiko Kijerumani hata! Hii ni Kiflama, ya bale bapadri Babeleji. Nilibapikia miaka kumi, naijua."

Nikamwambia, "Umesikia linksi? Umesikia rehti?"

"Hata bao bako nazo, Muzee. Kiflama na Kijerumani ni bandugu." Akaanza kucheka mpaka akashika mlango. "Si wewe unasemaka ulimuona Mubeleji akikimbia? Kumbe unamukaribisha ku nyumba kila mangaribi!"

Dorcas alicheka. Mimi nilitaka kumtupia Polycarpe beseni lake. Lakini nilimwona Esteri. Yeye hakucheka. Alikuwa anamwangalia Polycarpe, halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo cha Mama ni chenyewe?" Polycarpe hajui lolote, akamjibu, "Cha mama yako? Si yeye ni Mujerumani? Basi ni yeye mwenye lugha, mutoto."

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu hilo. Mkongo wa sabuni akanitangulia.

Siku tatu sikutoka uani. Ya nne nilikwenda kwa Sista, kwa miguu, nimebeba redio kichwani. Nilidhani atanicheka. Alinipa chai, akasikiliza yote, akakohoa kwenye kitambaa, nadhani alikuwa anaficha mdomo. Kisha akazungusha redio mpaka akapata Wajerumani wenyewe, akabandika kipande cha plasta ya vidonda pale pale mshale unaposimama. Hadithi ya watoto iko Jumapili alasiri. Plasta ipo mpaka leo, na hakuna anayegusa redio, hata Athuman na taarifa zake za habari.

Niliporudi nilimwita Esteri. Nilimwambia, "Babu hajui Kijerumani. Babu alisema uongo. Kijerumani cha Mama yako ndicho chenyewe." Alisema, "Ndiyo, Babu," akaenda kucheza. Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Jumapili alisikiliza hadithi, niliona anaelewa, maana alitabasamu kabla ya mwisho, lakini mdomo haukufunguka. Na Jumapili ya pili vilevile. Nikasema moyoni, Pasikali, umeishi ukawaona wazungu wote wakiondoka, na lugha ya mtoto nayo umeifukuza.

Sasa sikiliza la Jumatano iliyopita. Tulikuwa tunarudisha mbuzi mimi na yeye. Beberu mkubwa akataka kuingia kwenye mihogo ya Athuman iliyo upande wa kushoto. Nikamtisha kwa fimbo upande huo na kumwamrisha aende kulia, kama siku zote: "Linksi!"

Esteri akasimama njiani. Akasema, "Nain, Opa," ambayo sasa najua ni hapana, Babu.

Nikageuka.

Akaja, akanishika mkono wangu wa kushoto, huu wa tumbaku, akauinua juu, akasema, "Linksi ni huu." Akaushusha. Akashika wa kulia. "Huu ni rehti." Kisha akasema maneno mengine mengi ya kwenu, haraka haraka, akionyesha mbuzi, mihogo, fimbo, mimi, akicheka kwa lile pengo lake la meno, na sikuelewa hata moja, na sikutaka aache.

Miaka themanini na zaidi, mama. Baba alikosea, au mimi nilikosea mgongoni mwake. Mbuzi wangu walikuwa wanaitii fimbo tu. Hata yale maneno mawili niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyashika kinyumenyume, na kwa hayo hayo nilimnyamazisha mtoto wako.

Tangu siku hiyo ananifundisha. Nikikosea ananirudia kama mwalimu mkali. Sala ya chakula ameirudisha, ila anataka niseme naye, na uji unapoa.

Kwetu baba mkwe hamwombi radhi mkamwana, unalijua hilo, hata jina lako silitaji mbele yako. Nakuomba radhi. Nakuomba na kitu kimoja. Tharsisi amepanga simu Jumamosi tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, posta ile ile ya Kasulu. Usianze kwa kumwuliza kama anakukumbuka, atajifunga. Mwulize mkono gani wa Babu ni linksi. Ataniinua huo mkono mbele ya watu wote wa posta, nami nitauacha juu mpaka mmalize kunicheka. Mcheke sana. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo karibu, na safari hii sitaangalia ukutani.

Msalimie mama yako, mwambie mjukuu wake anamjia na maneno yake yote. Wasalimie na dada zako niliowaona kwenye picha. Dorcas anakusalimu, Mwalimu Winifrida anakusalimu, na Mungu akurudishe kwetu ukiwa na miguu mizima.

Ukidhani mzee anajipamba hata katika aibu, waulize hawa: Dorcas alikuwepo niliposema lile neno. Athuman alikuwepo, naye hasahau kitu. Polycarpe yuko Nyarugusu, mlango wa sabuni, anawasimulia Wakongo wote. Sista ana plasta. Ya mbuzi yana shahidi mmoja tu, naye utamsikia mwenyewe kwenye simu.

Mimi baba mkwe wako nikupendaye kwa mikono yote miwili,

Pasikali Nduwayezu