Miguu ya Delmer

Bonde la Pawpaw, Kentucky
Jumamosi, Agosti 9

Mpendwa mdogo wangu Oleta,

Shimo bado liko wazi pale nyuma ya banda, na mimi bado nachemka. Lakini ngoja nikusalimie kwanza, usije ukasema dadako hana adabu. Hujambo huko Detroit? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila presha, na presha yangu inaitwa Delmer. Anayeandika ni Twila, mke wa mwanangu. Nimemwambia aandike yote, hata matusi.

Mbwa wetu Biscuit alianza kuugua theluji ilipoyeyuka. Anamaliza ndoo ya maji, anakuja kukojoa jikoni. Tumbo kama pipa, manyoya yamemnyonyoka mbavuni huku na huku. Mume wangu Delmer akasema, "Mlafi tu huyo, unamjaza mkate wa mahindi." Mkate wangu! Anaoula yeye tangu tuoane! Na mahindi yenyewe mwaka huu yamekauka, lakini hayo tuyaache.

Kwa daktari wa wanyama mjini, kipimo cha damu tu kinatushinda. Basi Delmer akachukua koleo, akachimba. Akasema Jumamosi anammaliza kwa bunduki. Jumamosi ndiyo leo, Oleta! Nilifoka mpaka kuku wakahama.

Jana kanisani akaja daktari wa wanyama wa kujitolea, mama mmoja, anatibu bure. Nikamburuta mbwa. Akamminya tumbo, akasema huenda homoni zimemzidi mwilini. Akauliza, "Bibi, nyumbani kuna mtu anapaka dawa ya ngozi? Nyingine zina homoni."

Nikamtaja Delmer mbele ya kanisa zima.

Delmer na ukurutu wake! Kila jioni anajipaka miguu yote, anakaa barazani na kaptula, Biscuit anamlamba mpaka magotini. Naye anachekelea, "Ananipenda huyu." Unamlisha dawa yako, halafu unamchimbia kaburi!

Daktari kasema hana hakika, ila tuanzie hapo, hakuna gharama. Kanipa vidonge vya homoni hiyo hiyo, nimpunguzie pole pole, maana akikatiwa ghafla anaweza kuanguka. Akitapika au akilegea, nimpigie simu mara moja. Na Delmer avae suruali ndefu. Eti joto! Nimemwambia shimo lipo, akavalie kaptula humo.

Msalimie Hobert na wajukuu. Mungu akuepushe na wanaume wanaojua kila kitu. Ni mimi dadako nikupendaye hata nikifoka, Ves...

"Vesta! We Vesta! Njoo umtoe mbwa wako, yuko miguuni tena!"

Umemsikia? Na magoti yake nayaona kutoka hapa. Twila, nipe huo ufagio. Naenda.