Tochi Tuliyoichagua kwa Mkono Mbovu wa Nokwanda

Mdantsane,
19 Juni.

Mdogo wangu mpendwa Luvuyo,

Hujambo huko Aberdeen? Shemeji hajambo? Na mtoto, meno yameshatoka yote, au bado anawakesha? Sisi tupo. Kifua changu kinanisumbua kama kila baridi inapoingia. Baba anakula vizuri, ila siku hizi ananiita kwa jina la marehemu mama. Nimeacha kumsahihisha.

Ile tochi kubwa uliyotaka kunitumia, usiitume. Nimeshanunua, na nataka ujue kwa nini nimechukua ndogo.

Unamkumbuka Nokwanda, tunayeshona naye kiwandani? Alikatwa kisu kiganjani kwenye kile kijia cha kutoka kituo cha treni, nyuma ya shule ya zamani. Waliondoka na mkoba. Vidole viwili havikunjiki tena, na mshonaji asiyekunja vidole hana cherehani. Sasa anafagia pale pale alipokuwa akishona. Tulizoea kurudi pamoja jioni, lakini zamu yake sasa inaisha mchana, kwa hiyo kile kijia nimebaki nacho peke yangu, na miezi hii ya baridi giza linaingia mapema, umeme nao wanakata watakavyo.

Nilipomwambia nakwenda kutafuta tochi, akasema, "Huendi bila mimi."

Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Akatuonyesha moja ndefu kama mchi. "Mama, hii inamulika mpaka kule mlimani!"

"Aliyenikata hakuwa mlimani, mwanangu," Nokwanda akamwambia. "Alikuwa hapo uliposimama wewe."

Nokwanda akaanza kuzijaribu moja moja kwa ule mkono mbovu. Akaniambia kama yeye ataweza kuiwasha kwa vidole vile, basi na mimi nitaweza nikiwa natetemeka. Nyingine ilitaka kuzungushwa kichwa kwa mikono miwili, akairudisha. Nyingine ukibonyeza mara ya kwanza inatoa mwanga hafifu, ya pili wa wastani, ya tatu ndiyo mkali. "Kufika ya tatu umeshalala chini," akasema. Kijana akaleta yenye meno mdomoni, eti ya kumpigia mtu usoni. Nokwanda akauliza, "Ili nimpige usoni si lazima awe ameshanifikia?"

Tukachukua inayotosha kiganjani, yenye kitufe mkiani, pale kidole gumba kinapojikalia chenyewe. Ukibonyeza mara moja tu, mwanga wote unatoka. Mwili wake umechongwa vijistari, hautelezi hata kwa jasho, na betri yake ya kuchajiwa inatoka, kwa hiyo naweka ya akiba umeme ukikatika. Tena muuzaji alisema jambo la maana: usiitie mkobani, ishike mkononi kabla hujaingia gizani. Nami nikaishika hivyo hivyo kila jioni, nikijiona kama mwehu.

Jumanne ya wiki iliyopita umeme ulikuwa umekatika. Nilipofika kwenye ukuta uliobomoka, mtu akatoka. Kisu sikukiona bado, nilisikia tu, "Lete mkoba!" Kidole kikabonyeza kabla sijawaza. Akajifunika macho kwa mkono, akayumba, kisu kikaanguka. Nikakimbia, Luvuyo. Kwa magoti haya haya nilikimbia.

Lakini nilikuwa nimeshamwona, na sauti yangu nilipopiga kelele aliitambua. Akaniita nyuma yangu, "Mama Thobeka! Nisamehe, sikujua ni wewe!"

Ni Mncedisi, mtoto wa mama Nonkosi. Yule mama Nonkosi aliyemfumba mama yetu macho siku aliyofariki. Yale maneno yananirudia mpaka leo. Sikujua ni wewe. Basi angekuwa mwingine?

Nilimwambia Nokwanda. Hakuona uso wa aliyemkata, na sasa hatajua kamwe kama ni yeye. Akasema tu, "Twende polisi." Tukaenda, nikaandikisha jina la Mncedisi. Hawajampata. Jumapili kanisani mama Nonkosi alihama benchi letu, na wanawake wengine wakaangalia vitabu vya nyimbo.

Jana mchana alikuja. Nilifungua mlango nikijiandaa kwa matusi. Akaketi jikoni, akakataa chai.

"Sikuja kukwambia ulifute jina," akasema. "Mkono wa Nokwanda nauona kila siku."

Akakilegeza kitambaa chake cha kichwani, akaendelea.

"Tangu kabla ya Krismasi hajafika nyumbani. Wewe umemmulika, umemwona uso. Niambie, amekonda?"

Nikamwambia ndiyo, mama, amekonda. Akauliza kama alikuwa na kitu cha baridi. Nikasema alivaa sweta. Sikuona sweta yoyote, Luvuyo. Akashukuru, akafunga kitambaa chake vizuri, akaondoka.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba ya babu yake. Shangazi Nomvuzo wa Qonce anakusalimu, na Nokwanda pia. Mungu akulinde uendako na urudipo, wewe na wote unaokula nao chungu kimoja.

Mimi dada yako nikupendaye bila kuchoka,
Thobeka